Sakafu ya Paa: Kazi Inayotangulia Kigae cha Kwanza

Kigae cha lami, ambacho ndicho ezeko la nyumba nyingi za familia katika Marekani na Kanada, ni kipande chembamba cha utando wa nyuzi za kioo uliopakwa lami pande zote mbili na kunyunyiziwa punje za mawe upande wa juu, chenye urefu wa futi 3 hivi na upana wa futi 1, nacho hukunjika mkononi kama kipande cha zulia. Utando huipa lami mwili wa kushikamana, lami huyazuia maji yasipenye, na punje huikinga lami na mionzi ya jua ambayo vinginevyo ingeikausha na kuipasua katika muda mfupi. Mwanzo wa vigae hivi unahusishwa na Henry Reynolds, mwezekaji wa mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, ambaye mnamo mwaka 1903 alianza kukata vipande kutoka katika mabunda ya karatasi ya lami yaliyokuwa yakikunjuliwa na kutandazwa mazimamazima juu ya mapaa. Tangu wakati huo utando wa ndani umebadilika na gundi imeongezwa, lakini udhaifu wa asili umebaki palepale, kwamba kigae cha lami hakiwezi kujibeba. Bati la migongo huvuka nafasi iliyo kati ya papi moja na nyingine likabaki limenyooka, na kigae cha udongo huning'inia kwenye ubao kwa kijino chake. Kigae cha lami kikiwekwa juu ya papi tupu kitabonyea siku hiyohiyo jua likipanda.

Ndiyo maana paa la aina hii huhitaji sakafu, yaani tabaka kamili la mbao lisilo na mapengo, linalofunika makombamoyo au kenchi kuanzia upenuni hadi mgongoni mwa paa, na juu ya sakafu hiyo huhitaji tabaka la pili la karatasi au utando ambalo katika sura hii litaitwa tandiko. Msomaji aliyezoea ujenzi wa Tanzania au Kenya, ambako fundi hupandisha kenchi, akapigilia papi, kisha akalaza bati moja kwa moja juu yake, ataona kwamba hapa kuna kazi nzima ambayo kwenye mabati haipo. Ataona pia kwamba kuna uzito ambao kwenye mabati haupo, kwa kuwa mita moja ya mraba ya vigae vya lami vya kawaida huwa na kilo 10 hadi 12, na plaiwudi ya milimita 12 iliyo chini yake huongeza kilo 6 au 7, ilhali bati jembamba la geji 30 kwa eneo hilohilo halizidi kilo 3. Vigae hivi vinaonekana sasa katika baadhi ya mitaa ya Nairobi, na mtu anayetaka kuvua mabati ya nyumba iliyokwisha kujengwa ili aweke vigae vya lami anapaswa kwanza kumwita mhandisi azikague kenchi, kwa sababu zilikatwa na kupangwa kwa ajili ya mzigo mwingine kabisa.

Hata hivyo sura hii inaliangalia paa hili mahali lilipozaliwa, yaani katika majimbo ya baridi ya kaskazini ya Marekani, kama Michigan, Minnesota na Maine, ambako familia nyingi, zikiwamo za Wakenya, Wakongo na Watanzania waliohamia huko, hununua nyumba za zamani zenye mapaa yaliyochoka na kuamua kuyatengeneza kwa mikono yao. Mwenye nyumba wa namna hii hawezi kushindana kwa kasi na kikundi cha mafundi sita ambacho huvua paa asubuhi na kulifunika kesho yake. Kitu alicho nacho yeye, na ambacho kikundi hicho hakina, ni muda. Fundi anayelipwa kwa eneo la vigae alivyoviweka halipwi kwa ubao uliooza alioubadilisha kimyakimya wala kwa msumari alioung'oa na kuupigilia upya, na kwa hiyo sehemu ya paa inayoamua kama nyumba itavuja baada ya miaka kumi ndiyo ileile ambayo soko huilipia kidogo kuliko zote. Mwenye nyumba anayejijengea akiielewa sehemu hiyo, anaweza kupata paa bora kuliko lile ambalo angelinunua.

Uchunguzi wa kwanza hufanyika darini, kabla ya kigae chochote kung'olewa. Mtu huingia juu ya dari akiwa na tochi, akikanyaga mbao za dari pekee wala si nafasi zilizo kati yake, na hutazama upande wa chini wa sakafu ya paa. Madoa meusi yanayozunguka ncha za misumari, yakiwa yametapakaa paa zima kwa usawa, hayatokani na mvua. Hutokana na mvuke wa ndani ya nyumba unaopanda darini wakati wa baridi, ukakutana na chuma baridi cha msumari na kugeuka matone, kama kioo cha dirisha la jikoni kinavyolowa wakati sufuria linachemka. Doa moja kubwa lililo chini ya dohani au chini ya bomba la hewa linaeleza habari nyingine, kwamba maji yanaingia kutoka juu kwenye maungio. Tofauti ya madoa haya mawili ina uzito, kwa sababu la pili huponywa kwa bati jipya la maungio, ilhali la kwanza haliponywi na kigae cha bei yoyote. Huponywa kwa kuziba matundu ya dari yanayopitisha mvuke na kuipa dari hewa.

Hewa hiyo ina hesabu yake. Kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazotumika katika sehemu kubwa ya Marekani hutaka matundu ya hewa ya darini yawe na eneo wazi lisilopungua sehemu moja kwa kila sehemu 150 za eneo la dari, na huruhusu kiasi hicho kupungua hadi sehemu moja kwa 300 pale matundu yanapogawanywa vizuri kati ya sehemu ya chini na ya juu na masharti mengine yakitimizwa. Mgawanyo huo ndio wenye maana kubwa zaidi. Hewa baridi huingilia chini ya upenu, hupanda ikifuata upande wa chini wa sakafu, na kutokea kwenye mwanya uliokatwa mgongoni mwa paa, na mwendo huo hukatika kabisa ikiwa sufi ya kioo iliyotandazwa darini ili kuzuia joto imesukumwa hadi kuziba mdomo wa upenu. Kazi ya kuivuta sufi hiyo nyuma na kuweka mikondo myembamba ya plastiki au ya kadibodi, inayoacha inchi 1 ya nafasi wazi chini ya sakafu, ni rahisi mno wakati sakafu imefunguliwa upenuni na ni ya mateso baada ya paa kufungwa, kwa kuwa mtu hulazimika kulala kifudifudi katika pembe ambayo hata kiwiko hakikunjuki.

Kuvua ezeko la zamani ni kazi ya nguvu isiyohitaji maelezo mengi. Huanzia mgongoni na kushuka, kwa koleo yenye meno inayoingizwa chini ya misumari, na kanuni ni kwamba nyumba ikiwa na matabaka mawili ya vigae, la tatu haliruhusiwi, kwa hiyo yote mawili huondolewa. Katika nyumba kuukuu sana ni busara kupeleka kipande cha ezeko maabara kabla ya kulivunja, kwa kuwa baadhi ya bidhaa za paa za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Jambo ambalo mtu anayefanya kazi peke yake hapaswi kulisahau ni kuvua kiasi anachoweza kukifunika kabla ya jua kuzama. Paa lililovuliwa lote siku ya Jumamosi na kufunikwa turubai kwa wiki mbili huwa limeshaharibu dari, na turubai, hata likifungwa vizuri namna gani, hupigwa na upepo usiku kucha hadi kona moja ikaachia.

Mwanya wa msumari mmoja

Sakafu ikishaachwa uchi hukaguliwa kwa miguu na kwa bisibisi. Anayetembea juu yake, akiwa amefungwa kamba, huisikiliza inavyoitikia. Ubao mzima hutoa sauti kavu, na ubao uliooza hunesa bila sauti. Bisibisi huchomwa upenuni, mabondeni, na kuzunguka dohani, ambako maji hukawia, na pale inapozama bila kusukumwa sana hapo hapafai kupigiliwa msumari. Kipande kibovu hukatwa hadi katikati ya kombamoyo upande huu na upande wa pili, ili kipande kipya kipate mahali pa kukalia kila mwisho, kwa kuwa kiraka kinachoning'inia kati ya makombamoyo hubonyea mtu akikikanyaga na huchana kila kitu kilichowekwa juu yake.

Nyumba zilizojengwa kabla ya plaiwudi kuenea huwa na sakafu ya mbao za kawaida, na nyingine ziliezekwa mwanzoni kwa vigae vya mti, ambavyo vilihitaji hewa chini yake, kwa hiyo mbao zake ziliachiwa nafasi za inchi kadhaa katikati. Sakafu ya namna hiyo haiwezi kupokea vigae vya lami. Njia iliyozoeleka ni kupigilia plaiwudi au bodi za OSB, ambazo ni vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi, juu ya mbao hizo zote, huku misumari ikifuata makombamoyo yaliyo chini na si mbao zenyewe.

Bodi hizi huja katika kipimo cha futi 4 kwa 8, na hulazwa upande mrefu ukikatiza makombamoyo, kwa sababu upande huo ndio wenye nguvu. Viungo vya safu moja havipaswi kukutana na viungo vya safu inayofuata, bali hupishana kama matofali ya ukuta. Unene hutegemea umbali wa kombamoyo hadi kombamoyo; pale umbali unapokuwa inchi 24, bodi ya inchi nusu inaweza kukubalika, lakini mtu anayejijengea anashauriwa kutumia ya inchi 5/8, kwa kuwa nyongeza ya gharama ni ndogo na paa halitaonyesha mawimbi likitazamwa kutoka barabarani wakati jua linalala.

Kati ya bodi na bodi huachwa mwanya wa inchi 1/8, yaani milimita 3. Mafundi hawaupimi kwa rula. Huchukua msumari wa inchi 3 wenye shina jembamba, ambao unene wake ni kiasi hichohicho, wakausimamisha kwenye ukingo wa bodi iliyokwisha kupigiliwa, wakaisukuma bodi mpya hadi iuguse msumari, wakapigilia, kisha wakauchomoa msumari na kuupeleka kwenye kiungo kinachofuata. Msumari huo mmoja hutumika paa zima. Asiyeuelewa hudhani kwamba bodi zilizobanana ndizo kazi safi, na kwa siku ile macho yake hayamdanganyi, kwa kuwa mistari huonekana mizuri. Lakini mti hufyonza unyevu wa hewa na kufura, na bodi isiyo na mahali pa kufuria hujikunja kwenda juu pale inapogusana na jirani yake, ndipo miezi michache baadaye mistari ya matuta, futi 4 kutoka mmoja hadi mwingine, hujitokeza chini ya vigae vipya kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Hakuna njia ya kuyaondoa matuta hayo isipokuwa kuvua paa.

Kuhusu misumari, desturi ya msingi ni msumari wa inchi 2 na nusu kila inchi 6 kwenye kingo za bodi na kila inchi 12 katikati yake, na katika maeneo ya pepo kali nafasi hizo hupunguzwa. Jambo linaloharibu kazi zaidi kuliko idadi ni msumari uliokosa kombamoyo. Ukitazamwa kutoka juu hauna tofauti na mwenzake, kichwa kimelala sawasawa na ubao, lakini ukitazamwa kutoka darini shina lake zima linang'aa kando ya kombamoyo bila kushika chochote. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida mwezi Agosti 1992, uchunguzi uliofuata ulikuta nyumba nyingi ambazo sakafu za mapaa yake ziling'oka kwa sababu bodi zilipigiliwa misumari au pini chache mno, au pini zenyewe zilipita kando ya mbao zilizopaswa kuzishika, na sakafu ilipoondoka mvua iliingia ndani na kumaliza kile ambacho upepo ulikiacha. Mwenye nyumba ana kinga rahisi. Kabla ya kupigilia hupiga uzi wa chaki juu ya bodi mahali kombamoyo lilipo, na baada ya kupigilia hupanda darini na tochi, akahesabu misumari inayong'aa, akaing'oa na kuirudisha mahali pake. Kazi hiyo huchukua nusu saa kwa upande mmoja wa paa, na mara nyingi ni mwenye nyumba tu anayekuwa na sababu ya kuifanya.

Hapa lazima litajwe jambo la usalama, si kwa kutimiza wajibu wa mwandishi, bali kwa sababu kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua wafanyakazi wengi zaidi wa ujenzi nchini Marekani kuliko ajali nyingine yoyote. Sheria ya usalama kazini ya nchi hiyo humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na hatari ya kuanguka anapokuwa futi 6 au zaidi kutoka chini. Mwenye nyumba anayejifanyia kazi hana mwajiri wa kumlazimisha, na kwa hiyo hana budi kujilazimisha. Kiungo cha kamba hupigiliwa mgongoni mwa paa kupitia sakafu hadi ndani ya kombamoyo, na ngazi huegeshwa ikiwa imesogezwa mbali na ukuta futi 1 kwa kila futi 4 za kimo, ikipita ukingo wa paa kwa futi 3 ili mtu apate cha kushika anapopanda na anaposhuka. Vumbi la mbao juu ya bodi mpya huteleza kama mchanga juu ya vigae vya sakafu, na umande wa asubuhi huteleza zaidi, kwa hiyo kazi isianze kabla paa halijakauka.

Cha juu hulala juu ya cha chini

Kila kinachowekwa juu ya sakafu kuanzia hapa hufuata kanuni moja, kwamba kitu kilicho juu kwenye mteremko ni lazima kikilalie kile kilicho chini yake, ili tone linaloshuka likute kila mara jukwaa jingine la kuliendeleza na lisikute mdomo wa kulipokea. Waezekaji wa makuti wanaijua kanuni hii bila kufundishwa darasani, kwa kuwa wao huanzia upenuni na kupanda. Ugumu katika paa la vigae vya lami ni kwamba vitu ni vingi, vya aina mbalimbali, na kwenye kingo kanuni hiyo huonekana kana kwamba inajipinga.

Mfano mzuri ni bati la ukingo, yaani ukanda wa bati uliokunjwa kwa pembe, ambao upande wake mmoja hulala juu ya sakafu kwa inchi 2 au zaidi na upande wa pili hushuka mbele ya ubao wa fisha bodi na kuishia na kijikunjo kinachoyatupa maji nje. Bati hili huwekwa upenuni na pia kwenye kingo za kando, zile zinazopanda kwa mshazari hadi mgongoni. Upenuni bati hutangulia na tandiko hufuata juu yake, kwa sababu maji yakipenya vigae yakashuka juu ya tandiko ni lazima yatue juu ya bati na kumwagikia kwenye gata. Tandiko likiwa chini ya bati, maji hayo yangeishia nyuma ya fisha bodi na kuiozesha kutoka ndani. Kwenye ukingo wa kando mpangilio hugeuka, tandiko hutangulia na bati hulibana kutoka juu, kwa kuwa huko hatari si maji yanayoshuka bali mvua inayosukumwa na upepo kutoka ubavuni, na tandiko lisilobanwa hupokea upepo na maji chini yake kama tanga. Bati huungwa na bati kwa kupishana inchi 2, na la juu hulala juu ya la chini. Kwenye kona, ambako ukingo wa kando unakutana na upenu, bati la kando ndilo linalopita juu, nalo hukatwa na kukunjwa ili lisiache tundu. Mtu atakayesimama mbele ya kona hiyo akiwa na mkasi wa bati mkononi na kujiuliza tone litakwenda wapi, atapata jibu bila kitabu.

Kabla ya tandiko la kawaida, katika nchi za theluji huja utando wa gundi, ambao ni lami laini iliyochanganywa na mpira na kubandikwa moja kwa moja kwenye ubao. Sababu yake ni ngeni kwa mtu wa nchi za joto na inastahili kufafanuliwa. Joto linalopotea kupitia dari huipasha sakafu ya paa iliyo juu ya vyumba, theluji iliyolala hapo huyeyuka kutoka chini, na maji yake hushuka hadi upenuni, ambako chini yake hakuna chumba wala joto, yakaganda. Siku hadi siku barafu hiyo hujengeka kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo hutokea kidimbwi juu ya mteremko wa paa. Vigae hupishana kwa ajili ya maji yanayoshuka, navyo havina jibu lolote kwa maji yaliyosimama, ambayo hupanda kinyumenyume chini ya kigae hadi yakapata tundu la msumari. Utando wa gundi hushika shina la kila msumari unaoutoboa, na ndiyo maana kanuni hutaka upande kutoka ukingo wa upenu hadi inchi 24 ndani ya mstari wa ukuta wa nje.

Inchi hizo 24 ndizo zinazowapoteza wengi, kwa kuwa hupimwa kwa ulalo, ilhali utando hulazwa kwa mteremko. Chukulia nyumba ambayo upenu wake umetokeza inchi 18 nje ya ukuta, na ukuta una unene wa inchi 6. Mtu mwangalifu atahesabu inchi 24 kuanzia upande wa ndani wa ukuta, kwa hiyo jumla ya ulalo ni inchi 48. Paa likiwa linapanda inchi 6 kwa kila inchi 12 za ulalo, urefu wa mteremko ni ulalo mara 1.118, nao unakuwa karibu inchi 54. Bunda la utando lina upana wa inchi 36. Safu moja, ambayo ndiyo inayoonekana kwenye nyumba nyingi, huuvuka ukuta wa nyumba hii kwa inchi 8 hivi tu za ulalo, na kwa hiyo zinahitajika safu mbili zilizopishana. Mhandisi au mkaguzi wa mji hatapanda kumpimia mtu kila wakati. Hesabu hii ni ya kufanywa mezani kwa kalamu kabla ya kununua.

Utando huohuo hulazwa katika kila bonde, yaani pale miteremko miwili inapokutana na kukusanya maji ya pande zote mbili. Hubandikwa kuanzia katikati ya bonde kwenda nje, ukigandamizwa kwa kiganja hadi ushike pembe yenyewe, kwa sababu ukivutwa na kuachwa ukiwa kama daraja juu ya pembe, siku mtu atakapokanyaga hapo utapasuka.

Juu ya hapo hufuata tandiko la kawaida, ama karatasi ya lami ya tangu zamani au kitambaa cha plastiki kilichofumwa. Karatasi ni rahisi na hupumua, lakini ikilowa umande hukunjamana na kuacha matuta ambayo hayafai kulalia vigae, na mvua moja yenye upepo huweza kuichana. Kitambaa cha plastiki huvumilia jua na mvua kwa majuma, na kwa mtu atakayemaliza upande mmoja wa paa kwa wikendi tatu au nne ndicho chaguo sahihi, mradi kifungwe kwa misumari yenye vibati vipana vya kichwani badala ya pini, ambazo upepo huzifanya zikate kitambaa. Kwenye mteremko wa inchi 4 kwa 12 au zaidi safu hupishana kwa inchi 2 angalau. Kati ya inchi 2 na inchi 4 kwa 12 maji hushuka polepole mno, kwa hiyo safu hupishana inchi 19 katika upana wa inchi 36, na paa lote huwa na matabaka mawili. Chini ya inchi 2 kwa 12 vigae vya lami haviruhusiwi kabisa, nalo ezeko jingine ni lazima litafutwe.

Maungio ya ukuta na dohani hukamilika pamoja na vigae, lakini huandaliwa sasa. Pale mteremko unapopita kando ya ukuta, kila safu ya vigae huwekewa kipande chake cha bati kilichokunjwa, kisichopungua inchi 4 juu ya ukuta na inchi 4 juu ya paa, vikipishana kama ngazi. Bati moja refu lililonyooka huonekana nadhifu zaidi, lakini maji yakiingia chini yake popote hayana mahali pa kutokea hadi mwisho wake. Mwandalizi hulegeza mbao za ukuta, huupandisha utando wa gundi ukutani, na huhesabu vipande mapema. Mwisho wa chini wa ngazi hiyo, ambako upenu unaishia ubavuni mwa ukuta, huwekwa kipande kilichopindwa kinachoyasukuma maji yaingie kwenye gata. Kipande hicho kisipokuwapo, maji ya mteremko mzima hushuka ndani ya ukuta mvua baada ya mvua, na kuoza kwake hujulikana tu siku rangi inapobabuka. Dohani yenye upana unaozidi inchi 30 hujengewa nyuma yake kigongo kidogo chenye miteremko miwili, ili maji na theluji vigawanyike vikapite pembeni badala ya kukaa.

Yakikamilika hayo, paa hupimwa kama liko mraba, kwa futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kwenye mshazari, au kwa mafungu ya hizo, na kwa kulinganisha umbali kutoka upenuni hadi mgongoni katika miisho yote miwili. Nyumba za zamani ni chache zinazotoa vipimo sawa. Tofauti ya inchi 1 au 2 haifichwi kwenye safu ya mwisho, ambako jicho huiona mara moja, bali hugawanywa katika safu nyingi kuanzia katikati ya paa, kila moja ikichukua sehemu isiyoonekana. Kisha hupigwa mistari ya uzi wa chaki juu ya tandiko, ya ulalo kwa ajili ya safu na ya wima kwa ajili ya viungo, kwa chaki nyeupe au ya buluu, kwa kuwa nyekundu haifutiki na mvua huishusha hadi kwenye gata na ukutani. Mistari ikishapigwa, mafurushi ya vigae, ambayo kila moja huwa na kilo 27 hadi 36, hupandishwa na kutawanywa mgongoni mwa paa lote, yasirundikwe juu ya kenchi mbili au tatu, na ukanda wa kuanzia hulazwa upenuni, mstari wake wa gundi ukiwa chini kabisa karibu na ukingo, ili kigae cha kwanza kipate cha kushikana nacho jua likitoka.